Kalamu Zilezile

Mkuu wa kituo alimpa Inspekta mpaka alasiri. Baada ya hapo dereva angepandishwa kizimbani kwa kumuua tajiri wake, jaji mstaafu, na kwa kosa hilo sheria ilikuwa na adhabu moja tu, nayo ni kamba.

"Mtu amekutwa na mali ya marehemu mfukoni," Mkuu alisema, huku akitafuta juu ya meza miwani iliyokuwa kichwani mwake. "Unataka nini tena, dada yangu? Malaika ashuke atoe ushahidi?"

Inspekta hakutaka malaika. Alitaka kujua kwa nini mwizi aliyekwisha kuua akae sebuleni kuwasubiri polisi, kitu alichoiba akiwa amekichomeka kwenye mfuko wa shati, kifuniko kinang'aa, kila mwenye macho akione. Wezi aliowajua yeye walikuwa na akili zaidi ya hapo, na wale wapumbavu walikuwa angalau na miguu.

Maelezo ya dereva yalikuwa mafupi. Jaji alimwita kwenye chumba cha kusomea baada ya chakula cha mchana, akampa kalamu ya kujaza wino, nyeusi, yenye pete ya fedha. "Ni kalamu aliyoandikia baba yangu," dereva alisema, na hapo ndipo kituo kizima kilipocheka, maana kwa maneno yake mwenyewe baba yake alikuwa mwashi na alifariki yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Kalamu ya mwashi imefikaje kwenye droo ya jaji? Alipokwisha kupewa alikwenda kuosha gari. Aliporudi kuuliza kama kuna safari alimkuta mzee sakafuni, kichwa kimepasuka, na jiwe la kukandamizia karatasi liko pembeni yake. Lilikuwa jiwe lenye uso wa kukwaruza, lisiloshika alama za vidole.

"Uongo mbaya namna hii ama ni wa mpumbavu, ama si uongo," Inspekta alisema asubuhi ile walipokuwa wakiingia tena nyumbani kwa marehemu.

"Au ni wa mpumbavu na ni uongo vilevile," alijibu Sajini.

Sajini alikuwa mrefu, mkavu, amenyooka kama rula. Kabla ya kuvaa magwanda alisomea ualimu, na ualimu haukumtoka. Hakuna kosa la lugha lililopita mbele yake likatoka salama. Mahabusu waliwahi kulalamika kwamba anawasahihisha kuliko anavyowahoji, na kituoni walimwita Sarufi, jina alilolipokea kama cheo.

Mjane wa jaji aliwafungulia. Alikuwa mama wa makamo, mnene, sauti imemkauka kwa kulia. Aliwafikisha mpaka mlango wa chumba cha kusomea na kusimama palepale. Zulia lilikuwa limekwisha kuondolewa na sakafu imepigwa deki, lakini alikuwa haingii.

"Droo ya kalamu ni ya chini kabisa," alisema, akimnyooshea Inspekta ufunguo. "Chukua mwanangu, fungua mwenyewe."

Ndani ya droo kulikuwa na kitambaa cha kijani, na juu ya kitambaa kalamu zimelazwa ubavu kwa ubavu, zaidi ya dazeni. Zote nyeusi. Zote na pete ya fedha, zote na kibanio chenye umbo la jani. Katikati ya safu palikuwa na nafasi tupu, na Inspekta alipoutoa mfuko wa plastiki aliokuja nao na kuulaza pale, kalamu ya dereva iliijaza nafasi ile barabara.

"Zote ni aina moja, mama?"

"Moja. Wenzake walikusanya stempu, mwingine saa za ukutani. Yeye alikusanya kalamu moja, mara nyingi." Mjane alijaribu kucheka. "Nilikuwa namwambia, baba, hata kama ni kupenda, nunua basi ya rangi nyingine. Ananiangalia tu."

"Aliziandikia?"

"Hizi? Zikishaingia droo hii hakuna aliyezigusa ila mimi, kwa kupangusa vumbi. Na mimi mwenyewe aliniapisha nisifungue vifuniko, eti wino utakauka."

Sauti nyingine ilidakia kutoka nyuma yake. "Hazijaguswa, afande. Mpya kabisa."

Alikuwa mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake, dalali wa vitu vya kale. Tangu msiba uingie alikuwa akishinda pale, kusaidia, kama alivyosema, na kweli alisaidia, maana hakuna kabati ambalo hajalifungua. Alikuwa ndiye shahidi mkubwa wa kesi. Alivaa shati jeusi lililopigwa pasi vizuri mno kwa mtu aliyefiwa.

"Mkusanyaji wa kawaida ananunua moja ya kila rangi," alieleza, mikono ikienda. "Mjomba alinunua toleo moja tu, miaka nenda miaka rudi. Seti kama hii, haijatumika, mnunuzi akiiona anatokwa na machozi. Yule dereva alijua anachokiiba."

"Hebu nieleze tena ulichokiona siku ile," Inspekta alisema.

"Nilikuja kumsalimu mjomba, nikakaa kama masaa mawili..."

"Saa mbili," alisema Sajini.

"Saa mbili ni asubuhi, afande. Mimi nilikuja mchana."

Inspekta alimwashiria dalali aendelee.

"Nikaaga. Nikapita hapo nje dirishani kwenda kwenye gari langu. Nikamwona dereva ndani, kalamu mkononi, anaandika nayo. Anaijaribu kwenye karatasi. Nikasema moyoni, huyu naye! Lakini sikurudi. Ningejua ningerudi." Alijipangusa jicho lililokuwa kavu.

"Una hakika alikuwa anaandika?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Ahsante. Tusubiri sebuleni."

Alipoondoka, Inspekta alivaa glovu, akaitoa kalamu ya dereva kwenye mfuko wake na kukizungusha kifuniko. Kituoni hakuna aliyeifungua, kwa kuwa kielelezo hakichezewi. Kifuniko kilikuwa kigumu, kimegandamana kwa wino wa zamani, na kilipoachia kilitoa unga mweusi. Ncha ya chuma ilikuwa imepinda kwenda juu. Meno yake mawili yalikuwa yameachana, moja limeangalia huku, jingine kule. Kalamu ile ilikuwa haijaandika kitu kwa miaka mingi, na isingeandika tena hata kwa dua.

Alichukua ya kwanza kwenye safu, akaifungua. Imepinda. Ya pili, imepinda. Alizifungua zote, moja baada ya nyingine, na zote zilikuwa vilevile, ncha imebanwa kwenye kitu kigumu kwa nguvu mpaka ikavunjika.

"Mwendawazimu gani anayekusanya kalamu mbovu?" alinong'ona Sajini.

"Mama," Inspekta aliita bila kugeuka. "Hizi zilikuja vipi nyumbani? Alizinunua zikiwa hivi?"

Mjane alisogea hatua moja ndani, akaona, akashika mdomo. "Hapana, hapana. Alizinunua nzima. Alikuwa anakwenda nayo kazini, mwaka, miaka miwili. Halafu jioni moja anarudi, hali chakula, hazungumzi, anajifungia humu. Kesho yake ananituma dukani. Ileile, mama watoto, usiniletee nyingine. Nikajua imemharibikia. Mtu akizoea kitu chake..."

"Jioni hizo zilikuwa za siku gani?"

"Siku za kazi. Siku za kesi kubwa kubwa."

Inspekta alikaa kwenye kiti cha marehemu. Alipokuwa konstebo mpya alisimama katika mahakama ya jaji huyu kutoa ushahidi dhidi ya mwanamume aliyemchoma kisu jirani yake. Alikumbuka hukumu ya kifo ilivyosomwa, na jaji alivyotia sahihi, na jinsi alivyoigeuza kalamu na kuigandamiza ncha kwenye ubao wa meza mpaka ikalia. Wakati ule alidhani ni hasira. Sasa alizitazama kalamu zilizolala kwenye kitambaa cha kijani na kujua kwamba mojawapo ni ya mtu yule, kwamba yeye mwenyewe alisaidia kuileta humu.

"Kalamu iliyotia sahihi hukumu ya kifo hakuitumia tena kwa jambo lingine," alisema. "Aliivunja, akaiweka hapa, akanunua nyingine."

"Kwa hiyo hizi..." Mjane alianza.

"Ni watu, mama."

Mjane alijishika kwenye fremu ya mlango, akateremka taratibu mpaka chini. "Kila Jumamosi," alisema. "Kila Jumamosi nilikuwa nazipangusa vumbi, naimba."

Sajini alikwenda kumletea maji. Inspekta aliacha anywe, kisha akachuchumaa karibu naye. Alijua swali linalofuata, na aliogopa jibu lake kwa ajili ya yule kijana aliyekuwa selo.

"Dereva alipatikanaje?"

"Aliletwa na mume wangu mwenyewe, alipostaafu tu. Hata gari hajui kuendesha! Akamlipia shule ya udereva. Nikamuuliza, wewe, dereva asiyejua gari ni dereva wa nini? Akasema kijana hana baba." Mjane alivuta pumzi. "Nikuambie ukweli, mwanangu? Mimi nilijua ni mtoto wake wa nje. Nilimchunguza masikio, nikamchunguza mwendo. Nilimpa mgongo mwaka mzima, chakula namwekea jikoni. Siku moja nikasema potelea mbali, damu ni damu, nikaanza kumwita mezani. Kumbe si damu yake."

"Si damu yake," Inspekta alisema. Akamsaidia kuinuka.

Walitoka uani, yeye na Sajini, wakasimama karibu na gari la marehemu ambalo lilikuwa bado linang'aa.

"Basi kijana kaisha," alisema Sajini. "Jaji alimnyonga baba yake. Kama ni sababu ya kuua, hiyo inatosha watu watatu."

"Inatosha, kama aliijua. Soma alichosema."

Sajini alikuwa na nakala ya maelezo. "Ni kalamu aliyoandikia baba yangu."

"Jaji alimwambia nini, unafikiri? Chukua, hii ni kalamu ya baba yako. Mzee anatafuta njia ya kusema, maneno yanamkwama, anaishia hapo. Kalamu ya baba yako! Kijana anasikia nini? Anasikia kwamba ilikuwa mali ya baba. Anaichomeka mfukoni mbele, kwenye shati, kila mtu aione. Anajivunia, Sajini. Anatuambia baba yake aliiandikia. Angekuwa anajua maana yake angeitupa chooni." Aliushika mlango wa gari. "Hajui. Na asiyejua hana sababu ya kuua. Sasa twende kwa yule aliyemwona akiandika."

Dalali alikuwa sebuleni, amekunja nne. Inspekta aliweka karatasi nyeupe mbele yake, na kalamu, na kichupa cha wino kutoka mezani kwa marehemu.

"Nisaidie. Andika jina lako."

Alichovya, akaandika, au alijaribu. Ncha ilikwaruza, ikachana karatasi na kumwaga tone kubwa la wino juu ya suruali yake. Aliigeuza, akajaribu upande wa pili. Ikachana tena. Ndipo alipoangalia ncha kwa karibu, na uso wake ukabadilika.

"Zote ziko hivyo," Inspekta alisema. "Hiyo ndiyo aliyokuwa nayo dereva. Ulimwona akiandika nayo kama unavyoniona mimi."

"Labda... labda ilipinda baadaye."

"Wino uliomo ndani umekuwa mawe. Toa funguo zako."

"Funguo za nini?"

"Zote."

Zilikuwa kwenye pete moja, na Sajini alirudi nazo kwenye chumba cha kusomea. Walisikia droo ikifungwa na kufunguliwa. Aliporudi alikuwa ameushika mmoja, mpya, wa shaba, bado una makali ya mashine ya fundi.

"Mjomba alikukatalia kuuza," Inspekta alisema. "Ukachonga ufunguo. Ukaja, mkagombana."

Dalali alianza kujipangusa suruali, lakini wino ulikuwa unashuka gotini kwake. "Sikumuua mjomba. Nilikwisha kumwahidi mteja, ndiyo. Tulitupiana maneno, ndiyo. Aliniambia hizi haziuzwi, hata nikifa zizikwe nami. Nikatoka. Wallahi nilimwacha mzima! Nilipopita dirishani alikuwa anamwambia dereva, kaa, kaa kwenye kiti, na kalamu ameishika mkononi. Nikaona, kumbe mimi nakatazwa, dereva anapewa! Ndio nikasema alikuwa anaandika. Nilitia chumvi, afande. Chumvi tu."

"Chumvi yako ilikuwa inampeleka mtu kwenye kamba."

"Uko chini ya ulinzi," Sajini alimwambia, akimfunga pingu, "na ujue chumvi hutiwa kiasi."

Mjane alisimama kwenye korido akimtazama mpwa wa mumewe akitolewa. Alingoja mpaka mpwa alipofika mlangoni. "Nguo nyeusi umeivaa vizuri," alimwambia.

Saa sita ilikuwa haijagonga walipofika kituoni. Kwenye benchi la mapokezi alikaa mwanamke mkondefu, amepakata fulana nyeupe iliyokunjwa. Alikuwa mama yake dereva. Tangu kijana akamatwe alikuja kila siku na nguo safi, na kila siku aliambiwa arudi kesho. Inspekta alikuwa amempita mara nyingi bila kumwangalia sana, kwa sababu hakuwa na la kumpa. Leo alisimama.

"Mama, usiende mbali. Leo hutarudi nayo hiyo fulana."

Mwanamke alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Fulana ikaanguka. Inspekta aliiokota mwenyewe, akaipangusa, akamrudishia, na akaingia ofisini akiwa na furaha ambayo kazi ile humpa mtu mara chache.

Alianza kuandika barua ya kumwomba Mkuu amwachie dereva. Sajini alikuwa upande wa pili wa meza, akipanga karatasi za dalali.

"Sentensi moja ndiyo iliyomwokoa," Inspekta alisema, akiinakili. "Ni kalamu aliyoandikia baba yangu. Bila hiyo ningemwona muuaji kama walivyomwona wote."

Sajini alitabasamu kwa aibu kidogo. "Basi nusu ya sifa ni yangu, afande."

"Kivipi?"

"Yule bwana Kiswahili kinamteleza. Alisema aliyoandikiwa. Kalamu aliyoandikiwa baba yangu. Alisema mara mbili. Nikamwambia, ndugu, kalamu mtu huandikia, haandikiwi, labda kama ni barua. Nikaitoa hiyo w, nikamsomea, akatia sahihi."

Mkono wa Inspekta ulisimama.

"Funga mlango," alisema.

Sajini aliufunga. Alipogeuka aliona uso wa mkubwa wake, na tabasamu likamtoka.

"Rudia alivyosema. Usisahihishe."

"Kalamu aliyoandikiwa baba yangu."

Ilikuwa herufi moja. Ikiwa baba aliandikia, baba ndiye aliyeishika kalamu. Ikiwa aliandikiwa, kalamu ilikuwa mkononi mwa mwingine, na baba ndiye aliyepewa kilichoandikwa. Mtu huandikiwa hukumu. Mtu huandikiwa kufa. Na dereva alisema hivyo jioni ileile ya mauaji, kabla Inspekta hajafungua droo, kabla mjane hajajua anapangusa nini. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyeweza kumfundisha kusema vile, naye alimwita, akamwambia, kaa kwenye kiti. Jaji hamkalishi dereva ili amwambie neno moja.

Sajini naye alikuwa ameelewa. Alikuwa amekaa, mikono juu ya magoti. "Afande," alisema polepole, "maelezo yana sahihi yake. Yanasomeka vizuri hivyo yalivyo. Na dalali yuko ndani."

"Dalali ni mwizi na mwongo."

"Ndiyo. Hakuna atakayemlilia."

Inspekta alitazama mlango. Nyuma yake, hatua chache, alikuwepo yule mwanamke na fulana yake. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Lilikuwa jambo la kutofanya kitu tu. Lakini mtu akinyamaza hapa, kamba haitaondoka, itahamia shingo nyingine, na yeye ndiye atakayekuwa ameipeleka. Aliichukua barua aliyokuwa akiandika, akaichana.

"Niletee kijana," alisema. "Na uje na karatasi mpya. Safari hii uandike kinachosemwa."

Dereva aliletwa bila mkanda, bila viatu. Alikuwa na mabega mapana ya baba asiyemjua na macho ya mtu asiyelala. Alikaa alipoonyeshwa, akamwamkia Inspekta, shikamoo afande, akaitikiwa.

"Nataka kuuliza jambo moja," Inspekta alisema. "Ukitaka wakili kwanza, nitasubiri."

"Uliza tu, dada."

"Jaji alipokukalisha kwenye kile kiti, alikwambia baba yako alikufaje?"

Kijana hakushtuka. Alishusha mabega, kama aliyetuliwa gunia, na Inspekta akajua jibu kabla hajalisikia.

"Nilisema siku ileile," alisema. "Nilimwambia Sajini, kalamu aliyoandikiwa baba. Akaniambia haisemwi hivyo. Nikaona basi, huenda hii ni njia Mungu amenifungulia. Nikatia sahihi."

Sajini aliinamia karatasi yake na hakuinua uso tena.

"Endelea."

"Nyumbani niliambiwa ni homa. Maisha yangu yote, homa. Mzee akaniambia si homa, ni mimi. Akanieleza kesi yote. Wizi kwenye ghala, mlinzi kauawa, baba alikuwa anajenga ukuta pale jirani. Akasema mwaka uliofuata alikamatwa mtu mwingine kwa jambo jingine, akakiri na lile la mlinzi. Baba alikuwa ameshazikwa. Mzee akalia, dada. Mtu mzima, jaji, analia mbele ya dereva wake. Na mimi namhurumia! Amenilipia shule, amenilisha. Nilikuwa naanza kumwambia, basi baba, yamepita."

Nje mtu alikuwa akivuta ndoo kwenye sakafu.

"Halafu akafuta machozi. Akanipa kalamu, akanikunjia vidole juu yake, hivi. Akashusha pumzi ndefu, akaegemea kiti. Akasema, afadhali, mwanangu, leo nitalala usingizi."

"Na wewe?"

"Nikamlaza," alisema kijana.

Sajini aliandika neno lile kama lilivyotamkwa. Inspekta alisubiri mpaka akamaliza.

"Kwa nini hukukimbia?"

"Nikimbilie wapi? Nyumbani? Nikamuulize mama nini?" Kwa mara ya kwanza sauti ilimpasuka. "Niliosha gari. Sikujua nifanye nini, nikaosha gari. Dada, nakuomba. Yeye hajui kama nimeambiwa. Usimwambie. Niacheni nife na homa yangu."

Walimsomea maelezo mapya, yote, polepole. Alisikiliza amefumba macho, akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi. Sajini alipomwinua kumrudisha selo alimshika kiwiko taratibu, na mlangoni alisema, "Nisamehe, bwana mdogo," ingawa hakusema ni kwa lipi.

Inspekta alipeleka karatasi kwa Mkuu. Mkuu alisoma ukurasa wa mwisho tu, akasema si nilikwambia, akasaini. Dalali angebaki na kesi yake ya ufunguo na ya kusema uongo. Gari la mahakama lilikuwa limekwisha kuingia uani.

Mwanamke alikuwa palepale kwenye benchi. Fulana ameikunja upya, safi zaidi ya mwanzo, na alipomwona Inspekta alisogea kumpa nafasi. Inspekta alikaa.

"Anatoka, mwanangu?"

"Mama, nikuulize kitu. Baba yake alifariki kwa nini?"

"Homa," alisema mwanamke, upesi, kabla swali halijatua. "Homa kali. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule, hata gari la hospitali lilishindwa kupita. Tulimzika asubuhi."

Alikuwa amelisema jambo hilo mara nyingi, na alilisema vizuri. Kisha akautazama uso wa Inspekta, akautazama kwa muda, na mikono yake ikaacha kuilainisha fulana.

"Kwani yeye amekwambia nini?"